Breki za Mama Mkwe

Mimi si mchezaji wa kutisha. Michezo ya video naicheza Jumamosi mchana, kukiwa na umeme, basi. Mwaka huu nilijinunulia mashine ya mtumba katikati ya jiji, pamoja na diski mbili: moja ya mpira, moja ya mbio za magari. Ya mpira ilinichosha upesi, maana nilifungwa hata na timu nilizozidharau. Ya magari ndiyo iliyonishika. Kila kona nilijigonga ukutani, nikacheka peke yangu, nikaanza upya.

Kisha mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akaja kutoka Kilwa, ile ya kwetu ziwani, si ya pwani, kumsaidia. Mama huyo ameuza samaki wakavu miaka mingi, na ile barabara mbovu ya kuja huku jijini ameipita akiwa kwenye kabini ya lori, jirani na dereva. Lakini mimi hakuwahi kunisemesha. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake huoneana haya: hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawaambiani neno. Nikiingia sebuleni, yeye alihamia nyuma ya pazia la korido. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, mjukuu wa watu wa reli; mambo hayo niliyasikia kwa mbali tu. Mama yangu mzazi alikwisha kufariki, na iliniuma kwamba huyu naye angerudi kwao bila kuniambia lolote.

Jumamosi moja nikawasha mashine. Gari langu lilipokaribia kona, nikasikia sauti kali ya mama mkwe, aliyekuwa akichungulia penye upenyo wa pazia, ikimwita mke wangu aliyekuwa jikoni.

“Ambia bwana yako bafine frein! Kule mbele iko virage!”

“Mama anasema mufine frein!” mke wangu akapaza sauti.

Nikafina, yaani nikabonyeza breki. Gari lilikuwa ukutani kitambo.

Mchana wote ukaenda hivyo. Agizo lilitoka nyuma ya pazia, likapitia jikoni kwenye sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, likanifikia limechelewa. Tena mengi yalikuwa ya barabara ya Kilwa: alitaka nikwepe mashimo, na kwenye mchezo hakuna shimo hata moja, alitaka nipige honi, mbuzi wasije wakakatiza. Nilicheka mpaka manette, kile kidude cha kuchezea, ikanidondoka mkononi. Nyuma ya pazia naye alikuwa anacheka. Nilifurahi kuliko siku niliyonunua mashine yenyewe.

Mara mtoto akalia, mke wangu akaenda chumbani kumnyonyesha. Tarishi wetu hakuwepo tena. Mimi, kwa maajabu, nilikuwa mbele ya magari yote, na kona ya mwisho ndiyo hiyo inakuja.

“Mutoto yangu, fina frein! Fina!”

Nikafina. Gari likapita kona safi, nikashinda, na hakuna aliyeshangilia. Sikuthubutu kugeuka. Mke wangu akatokea na mtoto begani, akaniangalia mimi, akaliangalia pazia, akauliza kuna nini. Mama yake akamjibu kwa sauti ndogo.

“Nimemusemesha. Sasa kuku yangu iko wapi? Tangu mulioana niko namungojea. Nilizani hataki nikuwe mama yake.”

Mke wangu akashika kichwa. Kumbe kwao mume wa binti ndiye anayemletea mama mkwe kuku, na kuku akishaliwa, kuoneana haya huisha. Mke wangu alidhani wajomba zangu walinieleza. Wajomba zangu hawakunieleza kitu. Mimi niliheshimu pazia, na mama huku nyuma akaamini namdharau. Nilimwonea huruma sana, na papo hapo nilitaka kuruka kwa furaha.

Mashine sikuizima hata. Nilichukua akiba niliyoiweka ya kununulia diski ya tatu, nikaenda sokoni, nikarudi na kuku mnene kwapani. Mke wangu akampokea, akampitisha nyuma ya pazia, na kuku akapiga kelele nyumba nzima. Jioni tulimla sote kwenye meza moja, mama ameinamia sahani yake. Alipomaliza kunawa mikono, akavuta kiti karibu na changu, mbele ya televisheni.

“Leta ile manette, mutoto yangu,” akasema, akinitazama usoni. “Sasa ni wewe utaniambia frein.”

Gari likaondoka kwa kishindo. Kona ya kwanza ilipofika sikumwambia kitu. Nilikuwa bado namtazama.