Kilio cha timu ya voleboli

Mukubwa wa iniversite yetu ya Masisi alitangaza mbele ya wanafunzi wote kama voleboli ya wabinti imeisha. Futiboli ya wavulana itabakia. Alisema sisi hatuleti sifa. Tulikuwa tumepiga timu ya Walikale kwao, naye hakukuja kutuangalia hata siku moja.

Tulienda kwenye uwanja wetu, tukafunga vitambaa kichwani, tukakaa chini na kuwasha moto kama kwenye kilio. Kwetu, muntu akikuta kilio anakaa kwanza, kisha njo anauliza nani amekufa. Wamama wenye kutoka shamba waliweka kuni chini, wakakaa na sisi. Mumoja akaanza kulia.

Jioni mukubwa akapita. Alivua kofia, akatupatia mukono mumoja mumoja, akakaa kwenye jiwe na sura ya huzuni.

"Poleni, wabinti. Nani amekufa?"

Kapiteni wetu hakumuangalia. "Timu yetu, Papa. Na mwenye kuiua njo huyu anatupatia pole."

Mama mwenye kulia akanyamaza. Alivuta kuni zake, akakaa mbali na mukubwa.