Lisha Mkaa

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu sare zote za shule za pale zilipita chini ya cherehani yake na hakuna mtoto aliyewahi kurudi analalamika kuwa pindo limefumuka. Alikuwa mtu wa kusikia nusu ya maneno, nusu iliyobaki akaishonea mwenyewe. Kwenye nguo tabia hiyo haikuwahi kumponza. Kwenye mlimau ilimponza.

Mlimau wenyewe ulipandwa na marehemu mumewe, dereva wa lori, muda mfupi kabla hajafariki, mbele ya nyumba, pale pale alipozoea kuegesha gari. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na magurudumu hadi ukawa sakafu. Ukimwaga maji, yanakimbilia barabarani bila hata kuaga. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, aliutazama mti ule kila asubuhi kama anayemjulia hali mgonjwa. Kaka yake hakuacha mtoto, aliacha mti.

Mama Pindo akamwendea bwana miti wa manispaa. Hakukaa hata kwenye kiti, maana alikuwa ameacha mteja dukani. Bwana miti akamwelekeza achome mabaki ya mbao ndani ya pipa, alifunike moto ukose hewa, apate mkaa, auponde.

"Halafu lisha mkaa, mama. Usiwe na haraka."

"Nitalisha," akajibu, mguu mmoja uko nje.

Na kweli alilisha. Alichimba kuuzunguka mlimau, akaulisha mkaa mkavu, ndoo kwa ndoo, huku akijisifu peke yake. Mwanzoni maji yalianza kuzama, akavimba kichwa. Kisha majani yakageuka manjano, yakaanza kudondoka.

"Umemalizia kumuua kaka yangu," wifi akamwambia.

Maneno hayo yalimchoma. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kubamiza masufuria.

Alirudi kwa bwana miti, safari hii akakaa.

"Mkaa uliulisha nini?" akaulizwa.

"Niulishe nini mkaa? Si nimeulisha mti?"

Bwana miti akashika kichwa. "Mama, mkaa ndio wa kulishwa! Umejaa vijitundu, na vyote vina njaa. Ukishiba, utautunzia mti maji na chakula. Ukiufukia mtupu, unainyang'anya mizizi."

Mama Pindo alifika nyumbani akasema bila kuzungusha: "Wifi, nimekosea. Nilisikia vibaya."

Wifi akachukua koleo. Waliufukua mkaa, wakauloweka kwenye pipa la maji ya samadi na maganda ya jikoni. Majirani wakafunga madirisha. Wifi alikoroga pua ameifunga kwa kitambaa, bado kanuna. Harufu ilipokwisha, wakaurudisha ardhini, wakaanza kungoja. Mvua ilinyesha, maji yakazama, mti ukabaki vijiti vitupu. Mama Pindo akaacha kupita mlango wa mbele.

Asubuhi moja alikuwa anashona kola aliposikia sauti kutoka nje.

"Wifi! Acha hiyo nguo uje! Mumeo ameamka!"

Alitoka na utepe shingoni, peku. Wifi alikuwa amepiga magoti, viganja amevizungusha kwenye jani moja changa, akilia waziwazi.