Picha Zilizokatwa Magotini

Wabwile haamini picha. Ni jambo la kushangaza kwa mtu ambaye kwa miaka thelathini na miwili amekula, amevaa na kusomesha mtoto kwa picha, lakini ndivyo alivyo. Mwonyeshe picha ya harusi, atatazama kwanza kama kivuli cha bibi harusi kimeelekea upande mmoja na cha bwana harusi. Mwonyeshe ya marehemu, atakuuliza ilipigwa lini. Mimi humwambia kwamba siku yake ikifika, malaika atalazimika kumwonyesha kitambulisho.

Namjua vizuri kwa sababu studio yake ni chumba cha nyuma cha duka langu hapa Kitale. Mimi, Harleen, nauza vitambaa, kama alivyouza marehemu mume wangu Joginder na baba yake kabla yake. Kati ya duka na studio kuna ukuta wa mbao nyembamba, na sitajifanya kwamba sisikii yanayosemwa upande wa pili. Yeye huniita Mama Yuvraj, kwa jina la kijana wangu. Mimi humwita Baba Nasambu, kwa jina la binti yake wa pekee.

Ana haki ya kutoamini picha, kwa kuwa zile za uongo alizipiga yeye. Nilimuuzia mimi mwenyewe mita nane za marekani nzito, akachora juu yake mji wa ng'ambo: magorofa, mnara, ndege angani, na kwa mbali mlima wenye theluji usiofanana na Elgon wetu hata kidogo. Watu walikuja siku ya soko, wakavaa koti la studio, wakasimama mbele ya pazia lile, wakarudi kwao wakiwa wamefika Ulaya. Siri ilikuwa moja tu. Pazia liliishia sakafuni, na sakafu yetu ni saruji yenye nyufa. "Kata magotini," alikuwa akisema. "Miguu ikionekana, Ulaya imekuwa Kitale."

Hivyo ndivyo alivyomfundisha mke wake Pauline, maana miaka ya mwanzo walipiga picha wote wawili. Pauline alikuwa mwanamke wa Bungoma mjini, mcheshi, mwenye mkono uliotulia kuliko wa mumewe, na wateja walimtaka yeye. Baadaye akaanza kozi ya uuguzi kule Bungoma, akawa anarudi wikendi. Jumamosi moja alikuja na picha yake amesimama kando ya reli, anacheka meno yote nje. Wabwile akaigeuza upande huu na upande ule.

"Nani alishika kamera?"

"Msichana nasoma na yeye," Pauline akasema.

"Msichana gani anakuchekesha hivi?"

Miezi mitatu nilisikia swali hilo kupitia mbao. Nani alishika kamera? Wakati wa chai, wakati wa kufunga, mbele ya mtoto. Pauline alijibu kwa upole, kisha akajibu kwa hasira, kisha akaacha kujibu. Mimi nilinyamaza, nikajiambia mambo ya mke na mume hayataki mtu wa tatu, na mpaka leo najilaumu. Asubuhi moja aliondoka na begi moja. Nasambu alikuwa na miaka saba. Mara mbili Pauline alirudi kumchukua, na mara mbili Wabwile akasimama mlangoni akakataa. "Si nilisema?" aliniambia. "Mwenye hatia ndio hukimbia." Kwa miaka kumi na tisa hakulitaja jina lake tena.

Nasambu alikua, akasoma, sasa anafundisha historia kwenye sekondari moja huko Naitiri. Mwaka huu, mwanzoni mwa Julai, alikuja studio na kusema anasafiri wiki mbili. Nilikuwa nakunja kitambaa, nilikikunja polepole.

"Ni semina ya walimu, baba. Mji unaitwa Sirakusa, uko kwa kisiwa cha Sisilia huko Italia. Zamani ulikuwa wa Wagiriki. Magofu yao bado yako."

"Nani analipa?"

"Wenye semina."

"Mtu hawezi kukupeleka ng'ambo bure ukaangalie mawe," Wabwile akasema. "Hata hapa mawe iko."

Nasambu alicheka, akambusu shavuni, akaenda. Sikuupenda ule mcheko. Ulikuwa wa mtu aliyejibu swali moja akashukuru kwamba hakuulizwa la pili.

Msidhani Wabwile alikuwa mchoyo wa furaha ya mtoto. Mwaka juzi msichana wa mtaa wetu alituma picha za hoteli nzuri kwa miezi minne, kumbe amefungiwa jikoni kwa watu, pasipoti imechukuliwa, na anayetuma picha ni yule yule aliyempeleka. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Wabwile. Nasambu ndiye aliyebaki naye. Akimpoteza huyu, hakuna mwingine wa kupoteza.

Siku ya tatu picha zikaanza kuingia kwenye simu. Alizichapisha zote, akazipanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akatoa kile kioo chake cha kukuzia. Katika ya kwanza Nasambu alisimama mbele ya nguzo za hekalu la Apolo, zimebaki chache, nyingine ni visiki tu katikati ya nyasi, na nyuma yake watu wanapita na mifuko ya soko. Ya pili ilikuwa ndani ya kanisa kubwa lililojengwa juu ya hekalu la zamani, na nguzo nene za Wagiriki bado zimo ukutani kama mbavu. Ya tatu ilikuwa kando ya chemchemi iliyo hatua chache kutoka baharini, mafunjo yameota katikati yake.

Chini ya hiyo ya tatu Nasambu alikuwa ameandika hadithi ya mahali pale. Kulikuwa na msichana huko Ugiriki aliyeitwa Aretusa. Mungu wa mto alimwona akioga, akamkimbiza bila kumpa nafasi ya kupumua. Msichana akaomba msaada, akageuzwa maji, akapita chini ya bahari yote mpaka akatokea Sirakusa, akawa chemchemi ya maji baridi.

"Maji ipite chini ya bahari na isiingie chumvi?" Wabwile akauliza. "Hii ni uongo."

"Ni hadithi, Baba Nasambu."

"Na kwa nini alikimbia, kama hakuwa na makosa?"

Nilimtazama. Hakujua alichokisema. Alikuwa ameinamia kioo chake, na ghafla akapiga meza kwa kiganja.

"Mama Yuvraj, angalia. Magoti. Hii, magoti. Hii pia, magoti. Zote saba zimekatwa magotini!"

Niliangalia, na kweli, hakuna hata picha moja iliyoonyesha miguu. Nilimwambia jua lile si la kuchora, na kitambaa cha gauni kimepeperushwa na upepo wa kweli, mimi vitambaa navijua. Akasema siku hizi kompyuta inapeperusha hata gauni. Akampigia Nasambu simu mara nne, haikushikwa. Nitakuwa mkweli: baada ya simu ya nne, moyo wangu nao uliingia baridi.

Kesho yake tulichukua pikapu yangu tukaenda Naitiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipoacha barabara ya lami tulinasa, tukasukumwa na watu mara mbili. Wabwile alishuka shuleni viatu vyote tope. Naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke mtaratibu aliyeitwa Madam Chesang, alitukaribisha chai.

"Semina?" akasema. "Semina gani hiyo, mzee? Mimi sijui semina. Mwalimu aliomba ruhusa wiki mbili, akaandika ni mambo ya familia."

Wabwile aliweka kikombe chini. "Familia ni mimi," akasema.

Tulipofika Kitale aliniambia ameshajua: ni mwanamume, au ni wale watu wa pasipoti, na akaapa kwamba kama ni mwanamume, Nasambu asirudi kwake tena. Nilimwambia aone aibu. Akamwandikia ujumbe mbele yangu: "Nitumie picha yenye miguu. Leo."

Picha haikuja. Jioni, nilipokuwa karibu kufunga, iliingia sauti iliyorekodiwa. Masikio ya Wabwile si mazuri tena, kwa hiyo tuliiunganisha na spika ya duka, ile ninayopigia nyimbo za gurdwara, hekalu letu la Masingasinga, asubuhi. Sauti ya Nasambu ikajaa dukani, kubwa na yenye mwangwi.

"Baba, sikiza. Niko ndani ya pango, wanaliita Sikio la Dionisio. Limechongwa kwa mwamba, refu kama ghala la mahindi, na limepinda kama sikio. Wanasema kulikuwa na mtawala wa hapa, Mgiriki, hakuwa anaamini mtu. Alikuwa anafungia watu humu, halafu anakaa juu kwa shimo dogo anasikiza wanasema nini. Hata ukirarua karatasi hapa chini, mtu wa juu anasikia. Ngoja nirarue."

Karatasi ikararuka, na mlio wake ukapanda mpaka bati la duka langu. Nasambu akacheka. Kisha tukadhani amemaliza, Wabwile akanyoosha mkono kuzima, na ndipo pango likatuletea sauti nyingine. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliye mbali kidogo, anayedhani anasemea mwenzake peke yake.

"Mwambie avae sweta. Julai ya Kitale itammaliza kifua."

"Shh!" Nasambu akasema. Sauti ikakatika.

Mimi niliijua mara moja. Kwa miaka minane nilikuwa nimeisikia sauti hiyo kupitia mbao, ikiwaambia wateja wainue kidevu. Niliogopa kumtazama Wabwile. Yeye alirudi mezani, akachukua picha moja, akaiweka, akachukua nyingine. Kwa kidole gumba alifuata ule ukingo wa chini, pale magoti yalipokatwa, picha baada ya picha, mstari ule ule.

"Nilimfundisha mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Pauline."

Jina lile lilitoka kavu. Kisha akaingia studio akafunga mlango.

Nilisimama kando ya ukuta wa mbao, na safari hii sikujifanya nakunja kitambaa. Nilimshuku. Nilifikiri atavunja kitu, atampigia mtoto simu na kumlaani, atatamka neno ambalo Nasambu hatalisahau, na binti yule naye ataondoka na begi moja. Niliapa kwamba nikisikia neno hilo, nitapita na ukuta. Sikusikia kitu isipokuwa ile sauti, anaicheza tena, kwa chini. Avae sweta. Anarudisha nyuma. Avae sweta.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya shimo dogo miaka yote ile, nikisikiliza watu waliofungiwa, wala sikufungua mlango. Nikagonga.

"Baba Nasambu. Yule msichana wa reli alikuwepo. Alikuja hapa dukani mwaka ule ule, akanunua kitambaa cha yunifomu, akaniambia yeye ndiye alipiga ile picha. Nilikosa kukuambia. Nilifikiri hutaniamini."

Kisha, kutoka ndani: "Nisingekuamini."

Alipotoka alikuwa amevaa sweta yake ya kijani, ile iliyotoboka kiwiko. Macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Akanipa simu yake.

"Nipige picha, Mama Yuvraj. Si huko kwa pazia. Nje."

Tulitoka mpaka kando ya barabara. Tuk-tuk zilikuwa zinapita, mvua imeacha madimbwi, na gunia la mahindi lililopasuka lilikuwa limemwaga punje mbele ya ghala la jirani. Akasimama wima kama mteja.

"Na miguu?" nikauliza.

"Na miguu."

Nilirudi nyuma hatua tatu ili vionekane vile viatu vyenye tope la Naitiri. Aliitazama picha muda mrefu. Akaandika kitu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho aliandika maneno mawili tu, "Nimevaa sweta," akatuma kabla hajajizuia.

Siku hiyo hakuna aliyejibu, wala kesho yake asubuhi na mapema. Wabwile alikuja dukani kila baada ya dakika chache kuniuliza kama mtandao uko. Nasambu alimpigia saa nne, akalia, akaomba msamaha kwa ule uongo wa semina. Akaeleza kwamba mama yake anamtunza bibi mmoja mzee huko Sirakusa mwaka wa sita sasa, na ndiye aliyelipa nauli. Wabwile alisema "haya" mara nyingi. Hakusema kingine, nami sikujua bado kama nimwamini.

Saa sita picha ikaingia. Wanawake wawili wameketi kwenye ngazi za mawe za ule uwanja wa maonyesho wa Wagiriki, zilizochongwa mlimani, jua limewachoma macho. Nasambu ameegemea bega la mwenzake. Pauline ana mvi na amenenepa, hacheki sana, lakini ametazama mbele. Miguu yote minne inaonekana, Nasambu na raba, Pauline na ndala za plastiki za bluu, vidole vina vumbi.

Wabwile aliichapisha, akachukua kioo chake, akaitazama kutoka juu mpaka chini, kwenye ndala akakaa sana. Wanawake wote wawili walikuwa ndani ya picha. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama mbele yao. Kwenye jiwe la chini kivuli chake kilionekana wazi, kirefu, kimeinua mikono. Nilikiona mimi, na mtu wa vivuli hawezi kukosa kukiona. Nikangoja lile swali la nani alishika kamera.

Akaweka kioo chini.

"Mama Yuvraj," akasema, "uko na msumari wa kutundikia hii?"