Ng'ombe Wanne wa Bibi

Ubao wa darasa letu ulinuka majani ya maboga. Kila Ijumaa mchana, sisi wasichana wa darasa la nne tulitwanga mkaa, tukauchanganya na majani mabichi ya maboga, tukausugua ubao mpaka ukawa mweusi tena. Jumatatu asubuhi harufu ile ilikuwa bado imo, ikishindana na harufu ya samadi iliyotufuata kutoka nyumbani. Juu ya ubao huo ndipo nilipoiona Afrika kwa mara ya kwanza. Mwalimu Kapinga aliichora kwa mkono, bila kutazama kitabu. Nchi zilizokwisha kujitawala alizijaza chaki, na zile zilizokuwa bado mikononi mwa wakoloni aliziacha nyeusi. Mwaka ule Msumbiji ilipopata uhuru, aliniita mimi mbele niijaze chaki. Nilimaliza kipande kizima na kupiga chafya mara tatu, na darasa likashangilia kana kwamba mimi ndiye niliyepigana.

Kijiji chetu kiko Upare Kusini, si mbali na Suji, na wakati huo kushuka Same kwa miguu kulikuwa kazi ya kuanza alfajiri. Mwalimu Kapinga alikuwa mgeni kwetu. Alitoka kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma, na utotoni alimwona mama yake akigawa ugali kwa watu waliovuka mto na watoto mgongoni wakikimbia vita. Kwa hiyo kwake ukoloni halikuwa neno la kukariri ili mtu ashinde mtihani. Alipofundisha Siasa sauti yake ilishuka badala ya kupanda, nasi tuliinama mbele ili tusikose kitu. Alitufundisha kwamba mkoloni anaweza kuondoka na unyonyaji ukabaki, kwamba wapo watu wanaokula jasho la wenzao bila hata kushika jembe, na kwamba mtu wa namna hiyo ni kupe. Watoto wa Kipare hatukuhitaji kuchorewa kupe. Tulikuwa tukiwabandua masikioni mwa ng'ombe kila jioni, wamevimba damu, na kuwasaga kwa jiwe. Somo lile liliniingia barabara.

Ikaja siku akatuambia tuandike insha juu ya kupe katika kijiji chetu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa mtoto wa kutaka sifa kuliko chakula. Nikawaza na kuwazua. Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Bibi alikuwa na ng'ombe wanne, na hakuna hata mmoja aliyelala kwetu. Huo ulikuwa utaratibu wa huku tangu zamani. Mwenye ng'ombe humweka kwa jirani asiye naye. Jirani hukata majani, hulisha na kufagia zizi. Maziwa ni yake, samadi ya migomba ni yake, na kila ndama wa tatu ni wake. Mmoja wa wale wanne, mwekundu mwenye doa la paji, alikuwa kwa Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu, nyumba ya pili kutoka kanisani. Kila nikienda shule nilimkuta Nakijwa anapandisha mteremko na mzigo wa majani kichwani, wakati huo nimemwacha Bibi anaota moto. Nikaona nimempata kupe wangu. Niliandika kurasa mbili. Niliorodhesha ng'ombe wote, rangi zao na nyumba walizolala, na nikamaliza kwa sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote: Bibi yangu ni kupe.

Nilipata alama zote. Insha yangu ilisomwa mstarini mbele ya shule nzima, na nilisimama kifua mbele. Mwalimu Kapinga alipenda kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ile alilinyanyua daftari langu juu aliposema hivyo. Halafu akalipeleka kwa halmashauri ya kijiji. Viongozi wetu walikuwa wamekwisha kujenga zizi la kijiji, zizi zuri la nguzo mpya, na lilikuwa tupu huku wakisubiri wageni kutoka wilayani. Kabla ya wiki kwisha, vijana wanne walipita nyumba kwa nyumba, daftari langu mkononi, wakawaswaga ng'ombe wa Bibi mmoja mmoja. Hawakukosea hata nyumba moja, maana nilikuwa nimeandika vizuri.

Jioni ile nilijua nitachapwa, na kusema kweli ningependa kuchapwa. Bibi alipakua makande, tukala, akaosha mikono, kisha akaniambia nimsomee ile insha, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Daftari lilikuwa halmashauri, lakini nilikuwa nimeikariri kwa majivuno, nikamsomea yote kutoka kichwani mpaka ile sentensi ya mwisho. Alisikiliza akitazama mafiga. Kisha akaanza kunieleza habari za kodi, ile ambayo Wapare waliigomea zamani za Mwingereza, wakaiita mbiru. Ilikuwa kodi ya kumpima mtu kwa mali yake, na mpimaji hakusema anapimaje. Babu alishuka Same na wanaume wengine, wakakaa nje ya boma majuma kwa majuma, na wanawake wakiwapelekea chakula. Bibi alibeba ndizi mgongoni kushuka mlima, akarudi, akabeba tena.

"Karani alipita huku akiuliza watoto," alisema. "Baba yako ana ng'ombe wangapi, wako nyumba gani. Aliwapa na sukari. Hakupata mtoto hata mmoja wa kumwambia."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nililala nguoni mwa Bibi, kwenye kitanda kimoja, usiku ule na kila usiku uliofuata. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa jikoni peke yangu, naacha ninachofanya.

Zizi la kijiji lilikuwa na ratiba ya kukata majani, imebandikwa mlangoni. Kila nyumba ilikuwa na zamu, na kila nyumba iliamini kuwa zamu ni ya nyumba nyingine. Wala sisemi kwamba watu wetu walikuwa wavivu au kwamba hawakujua kushirikiana. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilipolia, watu wale wale walitoka na majembe kusafisha mfereji wa maji, na asiyetoka alitozwa faini ya pombe. Lakini mfereji ulipita kwenye shamba la kila mmoja. Ng'ombe wale hawakupita kwa mtu. Ng'ombe wa kwanza alikufa kabla ya mvua za vuli, wa pili akafuata, na yule mwekundu mbavu zikawa zinahesabika kutoka barabarani. Mtoto mdogo wa Nakijwa, aliyezoea maziwa kila asubuhi, akawa analia mpaka sisi tuliopita kwenda shule tunamsikia. Nilianza kuzunguka njia ya juu, ndefu, ili nisipite pale.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji, na Nakijwa, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu, akasimama.

"Mnyonyaji wangu alikuwa ananipa maziwa," alisema. "Sasa mmenikomboa, na watoto wangu wanakunywa uji mtupu. Naomba mnirudishie mnyonyaji wangu."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Mwalimu Kapinga hakucheka. Kesho yake alikuja nyumbani, akamwamkia Bibi shikamoo, akaomba aelezwe utaratibu wa ng'ombe ulivyo, tangu mwanzo. Bibi alimwitikia marahaba, akamvutia kigoda, na alipomwona anatoa kalamu akamwambia airudishe mfukoni. Akaeleza mpaka jua likageuka. Mwalimu alikwenda halmashauri mara mbili, na safari ya pili nasikia alipaza sauti. Ng'ombe wawili waliobaki wakarudishwa. Wengi wangekaa kimya kulinda heshima yao, na ndiyo maana simlaumu, na mpaka leo bado naamini mengi aliyotufundisha.

Bibi alimpeleka yule mwekundu kwa Nakijwa mwenyewe, mimi nikifuata nyuma na fimbo. Kamba ilipokwisha kufungwa alinigeukia. "Huyu sasa ni wako," aliniambia. "Atakaa hapa hapa. Kaandike."

Nakijwa aliangua kicheko. Mimi nililia.

Sasa naishi Same mjini, karibu na barabara kuu, na kupanda kwetu ni saa moja na nusu kwa bodaboda. Mwezi uliopita nilikuta mkutano wa kinamama kwenye ofisi ya kijiji. Kijana wa mradi fulani, mpole na mwenye fulana mpya, alikuwa anawafundisha jambo alilolisema kwa furaha kama mtu aliyeokota dhahabu: unapewa mtamba, unamlea, maziwa ni yako, na ndama wa kwanza unampa mwenzako. Kinamama walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyemwambia kitu, na mimi sikumwambia. Anaelekea pale pale alipotaka kufika Mwalimu Kapinga, ila yeye hana ramani ubaoni. Ana kishikwambi, na taarifa ya kupeleka kabla ya Ijumaa. Baada ya mkutano nilikwenda na kijana yule kwa mjukuu wa Nakijwa, nyumba ile ile ya pili kutoka kanisani, ambako uzao wa yule ng'ombe wangu mwekundu bado unalala. Kijana akawasikia ng'ombe nyuma ya nyumba, akafungua kishikwambi chake na kuniuliza kwa heshima ni wa nani, na wako wangapi.

"Kaa kwanza, mwanangu," nilimwambia. "Unywe maziwa."