Diski Shingoni mwa Mwalimu

Diski ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya mkonge, laini kwa kupita shingo nyingi. Katika shule yetu ya bweni karibu na Kosele, mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa, naye hakuivua mpaka amnase mwenzake. Mimi, mwalimu wa nidhamu, niliipenda. Ilinifanyia kazi huku nimekaa nakunywa chai.

Muhula huo alikuja msichana mgeni kutoka Kegonga. Kila aliposhtuka Kikuria kilimtoka, kwa hiyo diski ikawa kama yake. Wenzake wakamkimbia, maana mwenye diski ana masikio marefu. Mwishowe akanyamaza kabisa, hata darasani. Nilimpigia mama yake simu kumweleza, naye akasema Ijumaa ijayo anakuja kumchukua moja kwa moja. Roho iliniuma, kwa kuwa mtoto alikuwa na akili.

Viranja wawili wa bweni lake wakaja ofisini kwangu, wakisukumana nani aanze.

"Madam, hii diski inatufanya tuogopane," mmoja akasema. "Huyo msichana si mbaya. Ni vile tu kukaa karibu na yeye ni hatari."

"Kwa hivyo niitupe, kila mtu aongee anavyotaka?"

"Hapana, madam. Akiteleza yeyote, avae. Hata walimu. Wiki moja tu, muone."

Niliwaka. Hasira zangu haziko mbali. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, na alicheka mpaka akashika ukuta, akasema wazo ni zuri, lianze Jumatatu.

Jumatatu gwarideni nilikuwa nahubiri juu ya adabu, nikamwona mbuzi wa jirani ndani ya sukuma wiki nilizozipanda kwa mikono yangu.

"Riemburu dielno!" nikapiga kelele kwa Kijaluo, lugha ya kwetu. Mfukuzeni huyo mbuzi!

Kisha kutoka mstari wa nyuma akaja yule msichana wa Kegonga, diski kifuani, polepole, macho chini. Akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "naomba shingo."

Shule nzima ikalipuka kwa kicheko. Nikainama, nikavishwa. Mkuki kwa nguruwe, jamani! Kamba ile inawasha, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Ofisi ya walimu, ambayo kwa kelele hushinda soko, ikapoa. Kila nilipoingia, wenzangu walikumbuka kwamba wana vipindi. Chai nilikunywa peke yangu siku mbili, na haikuwa tamu. Siku ya tatu niliwaita wale viranja, tukampelekea mpishi diski aongezee kuni. Nikawauliza tufanye nini badala yake. Wakasema jioni tufundishane lugha zetu, mchana tushike Kiswahili na Kiingereza. Walikuwa wameshapanga nani aanze.

Ijumaa jioni mama akafika na begi tupu la kufungia nguo. Tulimkuta binti yake nyuma ya jikoni, amewapanga viranja mstari, akiwafundisha salamu ya Kikuria.

"Tena! Kwani hamsikii? Fungueni midomo!"

Mama alisimama akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huyu ndiye mlisema haongei?"

"Ndiye, mama."

"Na huku kugombeza watu, amejifunza kwa nani?"

Nilijifanya sikusikia, nikamsaidia kukunja lile begi tupu.