Bendera Kabla Mbayuwayu Hawajatua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli ya mtu mnene na bendera nyeupe. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshapiga, kumbikumbi wanaruka. Mimi ni mtu wa darasa la saba, mtoto wa wakulima wa Iramba, na kushika bendera nilidhani ni kazi ya sherehe. Kumbe unasimama ukingoni mwa malalo, yaani matete wanamolala kwelea kwelea, wale wanaomaliza mtama na uwele wetu. Rubani wa ndege ya dawa anaiona bendera, anajua mstari wake unapita wapi.

Bendera ya pili alishika Shabani, kwao wana duka Singida mjini, mdomo wake haufungi. Jioni ile mbayuwayu walilijaza anga juu ya bwawa. Nikamwendea mkuu wetu wa kwanza, Mama Marieta, Afisa wa Ndege Waharibifu.

"Shikamoo mama. Na hawa tunawapiga dawa?"

"Marahaba. Hapana, hao ni wageni. Wanatoka Ulaya, wengine Urusi huko. Kule saa hizi majani yanapukutika, baridi inaingia, wadudu wa kula hakuna. Basi wanavuka bahari, wanavuka jangwa la Sahara, wanafuata kumbikumbi wetu. Machi na Aprili wanarudi kwao kutaga."

Kwetu wazee walisema mbayuwayu huletwa na wingu la mvua. Shabani yeye alicheka. "Mama, hawa wametoka Ulaya hawajalipa nauli, mimi kutoka mjini tu nimelipa, na bado nimekaa juu ya magunia!"

Mama Marieta alicheka pia, halafu akatuonya. Kwelea wanaingia matetani mapema, wanapita chini kama moshi. Mbayuwayu wanachelewa, wanazunguka juu kwa juu, ndipo wanadondoka wote pamoja. Malalo yenye mbayuwayu wengi hayapigwi. Watakufa bure, na wakiwa bado angani rubani atagongana nao.

Tukafanya kazi hivyo miaka mingi, kambi ya Mkiwa, kambi ya Kiomboi. Kisha mama akahamishwa, akaja Bwana Gidioni, Mkuu wa Kikosi. Namtaja jina kusudi. Kanuni ile aliijua, maana na yeye alifundishwa na mama yule yule.

Ikafika Machi moja, uwele umekomaa, tuko kwenye mabwawa upande wa Shelui. Siku hiyo Bwana Gidioni alikuwa na mheshimiwa mmoja aliyekuja kutazama, na wapiga picha wake. Kwelea walishaingia. Juu ya matete mbayuwayu wamejaa tele, wanajikusanya kwa safari ya kurudi. Ndege ya dawa tunaisikia inakuja.

Shabani akashika redio ya upepo kumwita mkuu, nami nawasikia kwenye yangu. "Mkuu, mbayuwayu bado wako juu."

"Nyie mnashika bendera au mnachunga ndege? Mheshimiwa amesimama hapa. Inueni!"

"Mkuu, wamejaa. Rubani atapita wapi?"

"Shabani, inua, au kesho ukapime chumvi dukani kwa baba yako."

Akainua. Nami nikainua.

Ndege ya dawa ilitokea chini chini, ikakutana na ukuta wa mbayuwayu. Rubani akainua pua ghafla, akalalia upande wa Shabani, mabomba ya dawa yako wazi. Nilipiga kelele, "Kimbia!" Lakini mshika bendera hafundishwi kukimbia, bendera ikihama, rubani anapotea. Dawa ikamshukia mwili mzima.

Nilipomfikia alikuwa anatoka mate, jasho linamtiririka, misuli inarukaruka chini ya ngozi. Dawa ile inashika mishipa ya fahamu. Sindano za kuizuia tulikuwa nazo, ziko kwenye sanduku, na sanduku liko kwenye gari la Bwana Gidioni. Gari lilikuwa limeshaondoka, linamsindikiza mheshimiwa kwenda kunywa chai Kiomboi.

Nikashika redio. "Mkuu, rudi! Sanduku unalo wewe!"

"Mvueni nguo, mwogesheni. Nakuja."

Hakuja. Nilimwogesha kwa mikono mitupu.

"Lazaro," akaniambia, "mbona giza limeingia haraka hivi?"

Jua lilikuwa bado linaonekana.

Tulimbeba hadi barabara kuu, tukasimamisha lori. Dereva hakuuliza kitu, alikanyaga mafuta tu. Shabani alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Msibani Bwana Gidioni alikaa mbele, kanzu nyeupe. Akamwambia mama wa marehemu, "Pole sana mama. Mwanao alisogea kwenye mstari." Leo ana ofisi kubwa kuliko ile. Mimi nilistaafishwa kabla ya umri kwa ugonjwa wa dawa ile ile, na kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili.

Vijana mnaoingia kazi hii, mkuu akiwaambia inueni na mbayuwayu wako juu, lazeni bendera chini, mkapime chumvi. Chumvi haiui mtu.

Mwaka huu nilikwenda Singida kwa mama yake Shabani. Miaka yote hii ameishi akijua mtoto wake alikosea kazi. Nilimwambia, "Mama, Shabani hakusogea hata hatua. Angesogea, angekuwa hai."