Weusi Kwenye Kaakaa la Bibi

Kila jioni Bibi alinikabidhi meno yake ya bandia niyasafishe. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani nyumbani kwa binti yake, mjini Jeddah, na katika nyumba ile, ukiniacha mimi, Bibi peke yake ndiye aliyejua Kiswahili. Alizaliwa Mombasa, akaletwa huku akiwa bibi harusi. Mimi natoka Nakuru, na kwa hilo hakunisamehe.

"Kiswahili gani hicho? Kama mtu anatafuna changarawe!" alinikejeli, ufizi mtupu ukicheka.

Niliyapenda matusi yake. Mchana kutwa ilikuwa Kiarabu cha amri: yalla, haya twende; halas, basi; mafi, hakuna. Jioni, mbele ya sinki, nilirudishiwa lugha yangu.

Alikwenda Riyadh kwenye harusi ya mjukuu, akashikwa na mafua makali, akalazwa huko huko. Aliponea chupuchupu, kwa dawa nzito zilizotuliza mapafu na kuipandisha sukari yake. Aliporudi tulipiga vigelegele. Madam, yaani binti yake, akaanza kumlisha habasoda nyeusi iliyosagwa na kuchanganywa na asali, apate nguvu.

Jioni moja nilipomtoa meno niliona doa jeusi kwenye kaakaa, upande wa kushoto, kama kokwa ya tende.

"Bibi, unakula kama mtoto. Habasoda imekugandia."

"Isugue basi. Umewekwa hapa kukodoa macho?"

Nilizungushia kidole pamba yenye maji, nikasugua. Pamba ikatoka nyeupe. Nikasugua tena, kwa nguvu, na doa halikusogea. Bibi alikuwa ananitazama kwa utulivu, mdomo wazi.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Hakuwa amekihisi kidole changu. Nilimwita madam kwa ukelele. Akaja na tochi ya simu, akachungulia. "Habasoda," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Kisha taa ikapita shavuni. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa. Sote tuliliona wiki ile, na sote tulifurahi tukidhani ananenepa.

Hospitalini daktari alisema ni kuvu. Madam alinieleza kwenye korido: jamii ya ile inayoota kwenye mkate. Iliingilia puani mwili ukiwa umechoka na homa, sukari ikailisha. Nyama ile nyeusi ilikuwa imeshakufa. Lazima ikatwe, kabla kuvu haijafika jichoni na kwenye ubongo.

Mimi nimekwangua kuvu kwenye mkate mara nyingi, nikala uliobaki. Sikujua kwamba inaweza kumla mtu anayecheka.

Wanawe walikubaliana wamwambie Bibi ni jino linang'olewa. Nilipoingia chumbani alinishika mkono.

"Eti wanang'oa jino. Mimi nina jino?"

Nikainama kumrekebishia mto.

"Nambie wewe. Hawa wananidanganya."

Madam alisimama dirishani. Hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa ninachoulizwa. Alinitazama, halafu akageuka akatazama nje.

"Ni kaakaa, Bibi. Nusu nzima. Bila hivyo utakufa."

Alilaza kichwa kwenye mto. Nilisikia mashine za mgonjwa wa jirani, nikatamani kuyarudisha maneno yangu kinywani.

"Na kusema?"

"Watakuwekea la plastiki. Lakini mwanzoni sauti itatokea puani."

"Kama yako basi," alisema. Akamgeukia binti yake: "Yalla."

Walisukuma kitanda chake kwenda chumba cha upasuaji, nikabaki na kopo la meno yake ndani ya mkoba. Hakuna aliyethubutu kuniambia kwamba hayatamtosha tena.

Aliishi. Siku aliporuhusiwa kusema, kabla ya lile la plastiki kuwa tayari, sote tulizunguka kitanda. Alinitafuta kwa macho, akafungua mdomo, na maneno yakavuja puani, yote hewa, hayana mifupa. Wanawe walitazamana kwa hofu. Nami sikuelewa kitu, isipokuwa neno moja.

Changarawe.